Majani Yaliyoshika Moto

Ogola, Mjaluo wa Nyakach, alifanya kazi kwenye dari ya kiwanda cha chai kwa miaka kumi na tisa. Majani mabichi yakitoka mashambani yalipandishwa huko juu, yakatandazwa kwenye nyavu ndefu yanyauke, na mtu aliyejua saa ya kuyateremsha mashineni alikuwa yeye. Aliyashika kiganjani, akayafinya kidogo, akasema bado, au akasema haya. Wazungu wa kiwandani walikuwa na vipimo vyao vya joto ukutani. Walivisoma vizuri sana, kisha wakamuuliza Ogola.

Cheti hakuwa nacho. Shule aliiacha ikiwa haijamzoea, na jina lake aliliandika polepole kama mtu anayechora ramani. Alikuwa na mkono tu, na chumba kimoja cha kampuni alimoishi na mkewe, Amolo, chini ya mabati yaliyopigwa na mvua ya Kericho kila alasiri.

Mwaka wa hamsini na tisa serikali ilikuwa na mpango mpya. Kwa miaka zaidi ya thelathini chai ya nchi ile ilikuwa mali ya makampuni. Mkipsigis, mwenyeji wa huko, aliruhusiwa kuichuma kwa mshahara, au kuitazama akiwa ng'ambo ya ua, lakini kuipanda kwake ilikuwa marufuku. Halafu wakubwa wa Nairobi wakabadili nia. Wenyeji ishirini na wanane wa upande wa Bomet walikuwa wamepewa leseni miaka mitatu nyuma, kila mmoja theluthi moja ya eka, na miche yao sasa ilikuwa tayari kuchumwa.

Afisa wa kilimo aliwaita barazani akawaeleza habari za London. Chai yao ingeuzwa kwenye mnada mmoja na chai ya India na ya Ceylon. Mnunuzi wa huko haulizi jani limetoka shamba la nani. Anaonja, anatema, anataja bei, au ananyamaza. Mzee mmoja aliuliza kama huyo Ceylon anakaa mbali. Watu walicheka, ingawa swali lenyewe lilikuwa na maana zaidi kuliko nusu ya hotuba. Huyo Ceylon alikuwa amechuma chai tangu babu zao hawajazaliwa, na sasa walitakiwa kushindana naye kwa msimu mmoja.

Masharti yalikuwa mawili. Chai ya msimu wa kwanza ikidharauliwa London, hakuna leseni nyingine itakayotolewa. Na mkulima atakayekataliwa majani mara tatu atafutwa jina na miche yake ing'olewe, kwa sababu majani mabovu ya mtu mmoja yanaingia mashine moja na mazuri ya wengine.

Wakulima hawakuwa na kiwanda, kwa hiyo majani yao yangesagwa katika kiwanda cha kina Ogola. Kampuni ikamwazimisha Ogola kwa serikali akakague majani kwenye banda la kununulia. Kabla hajaondoka, meneja alimwita ofisini.

"Wewe natasama majani," meneja alisema. "Kama muzuri, nasema ndio. Kama mbaya, nasema hapana. Basi. Hapana fundisha watu. Fundisha iko kazi ya serikali."

Ogola aliitikia. Aliyoyasema meneja yalikuwa na sababu yake, kwani serikali ilikuwa na mwalimu wa kilimo mwenye cheti, aliyepita kwa baiskeli mara moja kwa mwezi mvua ikimruhusu. Ila palikuwa na sababu ya pili ambayo haikutajwa, na Ogola hakuwa mtoto. Wakulima wale wakishindwa, hakuna ambaye angelia katika ofisi ile.

Basi akakaa bandani akisema ndio na hapana.

Miongoni mwa wakulima alikuwamo Johana arap Sigilai, mtu mrefu wa maneno machache, aliyeuza ng'ombe wanne ili apate miche na nyaya za ua. Majirani walimwona kichaa. Ng'ombe anazaa na anatoa maziwa, kichaka kinakaa miaka mitatu kikikutazama tu. Mkewe, Sally, ndiye aliyechuma, naye alichuma kama mtu aliyezaliwa katika kazi hiyo: majani mawili na kichipukizi, hakuna kikonyo, hakuna jani lililokomaa. Punda aliyaleta bandani ndani ya magunia mawili yaliyojaa yakasimama wima yenyewe.

Siku ya kwanza Ogola alitia mkono katikati ya gunia akautoa haraka. Ndani palikuwa na joto la uji. Alipochimbua, majani ya katikati yalikuwa yamebadilika rangi, mekundu kama shaba.

"Hapana," alisema.

Johana alimtazama. "Ni nini mbaya?"

"Nimesema hapana, bwana."

Johana aliyamwaga kando ya barabara, akarudi na punda. Ogola alijua pale pale kosa lilikuwa wapi. Majani yalikuwa yameshindiliwa. Jani la chai likibanwa linakosa hewa, linapata joto, na hugeuka kabla ya kufika kiwandani. Angeweza kulisema hilo kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Akaandika tu daftarini.

Juma lililofuata magunia yalikuja yamejaa zaidi, kwa kuwa Sally alidhani wamekataliwa kwa uchache. Ogola akasema hapana kwa mara ya pili. Safari hii Johana hakuuliza kitu, na kule kutouliza kulimkera Ogola kuliko matusi. Alirudi kwake akala bila kusema, mpaka Amolo akamuuliza ni nani amekufa.

"Hakuna," alisema. "Lakini kuna mtu namuua pole pole, na nalipwa."

Jumapili alivaa koti lake akaenda kwa miguu hadi kwa Sigilai. Alimkuta Sally uani. Alikuwa amesimama ndani ya gunia, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili, akikanyaga majani kwa visigino, kwa bidii na kwa haki, kama walivyofanya watu wote wa kijiji kila walipopeleka mahindi sokoni. Gunia legelege lilimwangusha punda mlimani. Tena gunia legelege lilikuwa aibu, maana mnunuzi angesema mama huyu ananipunja.

Ogola alisimama kidogo. Kisha akabisha hodi.

"Mama, toka kwanza kwa hiyo gunia," alisema. "Ingiza mkono ndani. Hapo chini kabisa."

Sally aliingiza mkono hadi begani.

"Iko moto," alisema.

"Iko moto. Hii majani ni kama mtoto mdogo, ukimfunika sana anakosa pumzi. Weka kwa kikapu. Usifinye. Na isikae, ilete mbio."

"Na sisi tulikuwa tunafanya hivi kwa heshima yako," Sally alisema, na machozi yakamlengalenga. Ogola alitamani ardhi impasukie.

Tangu siku hiyo punda alipumzika. Sally na binti zake walibeba vikapu vilivyojaa nusu, wakapanda kilima mara tatu kwa siku mahali ambapo punda angepanda mara moja. Majani yalifika baridi na mabichi. Ogola akasema ndio, na ndio, na ndio. Majirani waliiga vikapu bila kuambiwa na mtu.

Msimu ulipoisha, habari zilirudi kutoka London. Yule mwonjaji asiyejulikana alikuwa ameonja, akatema, na akataja bei ileile aliyoitajia chai ya kampuni. Afisa wa kilimo aliita baraza kubwa. Alitangaza kwamba leseni zitaongezwa, mia tatu kwa kuanzia, kisha akampongeza Johana, aliyekataliwa mara mbili akajirekebisha.

Sasa, kwa Johana na watu wake, kupokea sifa isiyo yako hadharani ni sawa na kuiba. Alisimama. Meneja wa kampuni alikuwa amekaa mstari wa mbele na kofia magotini.

"Mimi sikujirekebisha," Johana alisema. "Ni huyu Ogola. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili, akafundisha bibi yangu. Hii chai mnasifu ni mkono yake. Mumupigie makofi."

Wakampigia, kwa nguvu na kwa muda mrefu. Ogola aliangalia chini. Hakuhitaji kumtazama meneja.

Alifukuzwa kazi, akapewa wiki mbili kuhama chumba cha kampuni. Afisa wa kilimo alisikitika kweli, akasema angemwajiri kesho kuwa mwalimu, ila kazi hiyo ilitaka cheti. Johana aliposikia alikwenda kwa afisa na ombi lake mwenyewe: aruhusiwe kumkatia Ogola kona ya shamba lake apande miche. Jibu lilikuwa kwamba leseni ni za wenyeji wa huku, na Ogola ni wa Nyakach.

Siku ya kuondoka, Ogola na Amolo walitelemka kwa miguu kuelekea Sondu, soko la mpakani, mzigo kichwani, lori la kampuni likiwa limewapita bila kusimama. Walipofika karibu na mto walisikia mtu akiita nyuma. Alikuwa Johana, anatokwa jasho, akimswaga mtamba mwekundu. Wakalinganisha hatua mpaka darajani.

Watu wa soko upande wa Wajaluo walipomwona Mkipsigis anashuka na ng'ombe, mazungumzo yalikatika. Wazee wawili walisimama. Johana alivuka hata hivyo, akampa Ogola kamba ya mtamba.

"Babu yangu alipita hapa usiku kuja kuchukua ng'ombe ya babu yako," alisema. "Baba yangu pia, mara mbili. Mimi naleta mchana."

Ogola alishika kamba. Alitaka kushukuru, lakini alilia mbele ya soko zima bila kuona haya. Amolo akaipokea ile kamba, akamwongoza mtamba njia ya kwao.