Helikopta Kwenye Kilemba cha Mama Mkwe

Ndugu zangu, aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu ilishuhudiwa na ua mzima huko Naviundu, watu, kuku na mbuzi wa mahari, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ile iliyotiwa chumvi.

Nilikuwa namposa Ngalula. Wazee wake walitupa orodha kama ilivyo desturi: suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi, mbuzi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa kutetemeka, baba yake alikuwa ameongeza: «hélico moja, nyekundu». Wajomba zangu walicheka, wakasema mzee anatania, uruke mstari huo. Lakini Ngalula alinieleza taratibu kwamba baba yake aliendesha treni maisha yake yote ya kazi, na hupenda kusema kuwa reli haikuulizi unataka kwenda wapi. Basi nikaapa kwamba helikopta yake ataipata (ya kuchezea, bila shaka, mimi ni mwandishi wa hadithi, si mwenye mgodi).

Sokoni Kampemba, mama mmoja mwenye duka la vitu vya kuchezea alinipima kwa macho.

«Umesharusha hata siku moja?»

«Hapana, mama.»

«Basi kamata hii kadogo. Iko na mapanga mbili juu, moja inazunguka huku, ingine kule, inajishikilia yenyewe. Unairusha mu salon, ndani ya nyumba, haina bei kali, na mu carton muko mapanga ya kubadilisha.»

Ilitosha kiganjani. Nikawaza, nimpe baba mkwe kitu cha ukubwa wa panzi mbele ya ukoo? Na pale pembeni palikuwa na kubwa, ndefu kama mkono wangu, yenye panga moja tu juu, na kwa kuwa wekundu wake ulikuwa umepauka kwa jua la dirishani, bei yake ilishuka ikawa karibu sawa na ya kadogo.

«Ile ni ya bantu benye kuzoea kurusha,» alisema yule mama. «Upepo unaibeba. Na ikikuangalia, gauche yako ni droite yake, kushoto inakuwa kuume, utapotea.»

Nikachukua kubwa. Tena sikuijaribu, maana kitu cha mahari hakichezewi kabla wenyewe hawajakipokea. Nilitoa betri peke yake, nikaichaji kwa jirani mwenye paneli ya jua, nikairudisha na kufunga sanduku kwa utepe.

Siku ikafika, Agosti, vumbi jekundu linatembea uani kama mgeni mwingine. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na katikati yao mama mkwe, amenyooka, kilemba cha manjano kimesimama kichwani. (Mnajua kwetu: mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali, hamshikani mikono, huli mbele yake, hata maneno yenu hupitia kwa mtu wa tatu.) Baba mkwe alifungua sanduku, akaigeuza helikopta polepole, macho yakamlowa.

«Irushe, mutoto yangu. Nione.»

Ningesema kuna upepo, ningesema sijui. Nilisukuma kijiti cha rimoti. Ikapanda, watu wakapiga vigelegele, nami nikajiona rubani, mpaka upepo ukaigeuza ikanitazama usoni, nikataka kuipeleka kwa wanaume, nikasukuma kushoto, nayo ikaenda kwa wanawake, nikasukuma zaidi ikaenda zaidi, ikaingia moja kwa moja kwenye kilemba cha manjano, ikanasa, ikaendelea kunguruma.

Niliogopa panga lisimkate. Sikukumbuka ukwe wala desturi, nilirusha rimoti, nikakimbia, nikamshika mama mkwe kichwa kwa mikono miwili, nikavuta.

Kilemba kikatoka chote. Nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya ukoo, nami nimesimama nimepakata kitambaa kinachonguruma kama mtoto mwenye njaa.

«Yesu wangu!» alipiga kelele dada yake. «Anashika belle-mère kichwa! Ndoa imekufa!»

Ngalula alifunika uso. Wajomba zangu walianza kutafuta viatu vyao. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimempoteza.

Mama mkwe alijifunika kwa ncha ya kitenge. Alinitazama mikono, muda mrefu, kisha akamwambia dada yake, si mimi:

«Mumuulize kama amejikata.»

«Belle-mère anauliza kama umejikata.»

Nilikuwa nimejikata, kidole gumba, wala sikuwa nimesikia.

«Mumuambie alete kuku mweupe, tusafishe hii mambo. Na mumufunge kidole. Mutu wa kukimbilia panga juu ya kuniokoa, atakimbilia juu ya mutoto yangu pia.»

Kuku nilimpeleka kabla jua halijazama. Na siku iliyofuata nilirudi kwa mama wa Kampemba, kichwa chini, nikachukua kadogo yenye mapanga mawili.

Sasa kila Jumapili mimi na baba mkwe tunairusha sebuleni. Nimeapa sitarusha tena kitu chochote nje, penye upepo na wakwe. Hata hivyo Jumapili iliyopita mama mkwe alipita kwenda jikoni, amenyooka vilevile, hakunitazama, hakunisemesha, desturi ni desturi. Ila juu ya kilemba alikuwa ameshikilia kifuniko cha sufuria.