Hodi ya Uchaguzi

Tangu zile fujo za 2015 za kutufukuza sisi wageni, hapa Bertrams hakuna mtu aliyenipigia hodi. Mlango ukigongwa nilizima redio kwa hofu, nikasubiri aliyegonga aende zake. Mchana nilisuka nywele saluni, Jeppestown. Jioni nilijifungia chumbani. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kugombana na birika.

Ndipo akahamia jirani, binti wa Kimarekani aliyekuja kusoma chuo cha Doornfontein. Kiswahili alijifunzia Mombasa. Siku ya kwanza alisimama nje akaita, "Hodi, hodi!" Nilifungua kabla sijafikiri.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sisi wa Lubumbashi hatuamkiani hivyo. Nikabaki namtolea macho, kisha nikampisha aingie.

Aliniambia yeye ni Mlatino. Mimi nimelelewa na masista, nikajua ni mambo ya misa.

"Weye unaombaka mu Kilatini?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akanieleza kwamba wazazi wake walitoka Meksiko. Mama yake anasafisha nyumba za watu huko Texas. Hana karatasi, kwa hiyo hapigi kura. Yeye binti amezaliwa kulekule, anapiga. "Naipiga kwa ajili ya mama," alisema.

Kila Jumapili alikuja tukala bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alifinyanga tonge vibaya sana, nami nikamcheka bila huruma. Siku nyingine za wiki nilizivumilia kwa sababu ya hiyo moja.

Mwaka 2018 akaniambia anarudi kwao, uchaguzi umekaribia. Mtaani kwao Walatino wengi wana haki ya kupiga kura lakini hawaendi. Wanasiasa hawawafuati kwa kuwa hawapigi, nao hawapigi kwa kuwa hakuna anayewafuata. Yeye na wenzake wangepita nyumba kwa nyumba.

"Ni kazi gani sasa hiyo?" nikamuuliza.

"Kupiga hodi, mama."

"Hata huku milango iko."

Nilisema kwa hasira, na mlango niliokuwa nao kichwani ulikuwa mmoja tu. Alinikumbatia, akaondoka wiki ileile.

Baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Bibi mmoja wa Kimeksiko alimwambia ameishi nyumba ile tangu ujana wake, na huyu binti ndiye wa kwanza kumgongea kwa ajili ya kura yake. Bibi alimkalisha mezani, akamlisha, na siku ya uchaguzi akaenda kupiga. Nilifurahi. Wivu nao niliuona, ila sikumwambia.

Mwaka uliofuata uchaguzi ukafika huku. Vijana wawili wenye fulana za chama walipanda ngazi za jengo letu, mlango hadi mlango. Niliwasikia wakicheka na mama wa chumba cha jirani. Kisha wakagonga kwangu.

Safari hii sikuzima redio. Niliweka birika jikoni, nikavuta viti, nikafungua.

"Karibuni," nikasema. Kiswahili kilinitoka chenyewe.

Wakatazamana, wakajua mimi ni mgeni, sina kura.

"Eish, sori, mama," mmoja akasema kwa upole, wakaenda mlango unaofuata.

Birika likachemka. Nilikuwa nimeweka maji ya watu watatu.