Friza Yenye Njaa

Fundi cherehani wa chumba cha mwisho hafungui friza yake ovyo. Husimama kwanza, awaze anachotaka kutoa, ndipo ainue kifuniko upenyo wa mkono tu, achomoe, kisha akibamize kwa kiwiko. "Baridi ikishatoka hairudi bure," huwaambia wateja. Nafasi iliyobaki ameijaza chupa za maji, maana anaamini friza yenye njaa ndiyo inayokula umeme zaidi. Hata akishona, sikio moja liko kwenye cherehani, la pili kwenye mngurumo wa friza. Ukikatika hutabasamu: "Imelala."

Dereva wa chumba cha kati hana habari na usingizi wa friza. Nyumba nzima inatumia mita moja, na kila mita inapoanza kulia kwamba umeme unakwisha, yeye hana mchawi mwingine ila friza hiyo. Jumamosi ilipolia tena, alifika mlangoni kwa fundi na maneno yamemjaa mdomoni.

"Dada, kidude chako kinatunyonya damu! Kizime, au kila mtu ajitegemee!"

Fundi hakugombana. Alikata uzi kwa meno, akainama, akashika plagi ukutani. "Nizime, kaka?"

Kabla dereva hajajibu, sauti ya mama yake ilitoka chumba cha kati, alikojinyoosha na chupa ya barafu ya fundi imefungwa gotini kwa kitambaa, kama kila jioni.

"Mwache azime, mwanangu. Kesho goti langu utalikanda kwa huo ulimi wako."