Swali kwa Baba Mkwe

Watu huniuliza kwa nini mwalimu wa uraia wa sekondari ya kata anahangaikia shule ya sheria, tena ya chuo kikuu ambacho hata hajakanyaga. Wengine hunitania kwamba natafuta udiwani. Nikiwa na hasira huwajibu ovyo. Nikiwa nimetulia huwaeleza habari za mama yangu na baba mkwe wake.

Katika ukoo wetu, nje kidogo ya Sumbawanga kwenye njia ya Matai, mkamwana hamkabili baba mkwe. Hakai naye mkeka mmoja, hamtazami usoni, na akiwa na neno lake humtuma wifi. Mama aliolewa katika desturi hiyo na akazeekea humo. Babu akitokea, mama alipisha njia, akapiga goti pembeni na kupiga makofi taratibu kumsalimia, macho chini. Ukitaka kujua kama babu ameufurahia ugali wa ulezi, ulimuuliza shangazi, maana ndiye aliyeupeleka na ndiye aliyerudi na majibu. Sikuwahi kuona ubaya wowote hapo. Maneno mazito ya nyumba ile yalipita kwa shangazi, yakafika bila kumuumiza mtu.

Baba alipofariki, babu alilitaka shamba. Ni shamba la bondeni, udongo mweusi, linalotoa mahindi hata mvua zikisuasua. Babu mwenyewe ndiye aliyewakabidhi baba na mama walipooana, mbele ya wazee wa ukoo. Sasa akasema alimwazima tu mwanawe. Shangazi naye alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kutumwa. Shauri likaenda baraza la ardhi mjini.

Nilimsindikiza mama. Alivaa sweta lake la kanisani. Babu alitoa ushahidi wake akiwa amesimama, fimbo mkononi, akaeleza habari ya kuazima bila kumung'unya maneno. Alipomaliza, mwenyekiti akamgeukia mama.

"Mama, una swali kwa shahidi?"

Mama alitazama sakafu. "Sina swali."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimweleza polepole kwamba hiyo ndiyo nafasi yake, na kwamba asipouliza itaonekana amekubali yaliyosemwa.

"Sina, mheshimiwa."

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimekaa kama gogo, kwa sababu nilishaonywa nisifungue mdomo. Swali lenyewe lilikuwa moja tu: baba, si ulitukabidhi mbele ya ukoo? Mama alilijua vizuri kuliko mimi. Hakuweza kulitamka usoni pa baba mkwe, hata kwa kupoteza shamba. Zamu yake ilipofika alieleza yote, lakini alieleza akiwa ameelekea ukutani, na wazee walioshuhudia makabidhiano walikuwa wamekwisha kufa. Uamuzi ulisomwa baadaye, shamba likawa la babu. Kwa kuwa hakumuuliza shahidi chochote juu ya kuazima, ilichukuliwa kwamba ameridhia.

Mama kuridhia! Nilitoka pale nikiwa nimevimba kwa uchungu, na mpaka leo neno hilo linanichoma.

Tungeweka wakili, lakini wakili tungempata wapi? Mjini kwetu ni wachache, na kazi za wafanyabiashara wa mpakani Kasesya zinawatosha. Watoto wetu wanaosoma sheria huenda Mbeya, Iringa, Dar es Salaam, na wakishazoea huko, Sumbawanga wanakuja kuzika tu. Zamani nilidhani wakili ni mtu wa suti na maneno makali. Siku ile nilimwona kama wifi wa mahakamani, mtu wa kukuulizia lile ambalo heshima imekufunga.

Basi tuliposikia chuo kikuu cha umma kinataka kufungua tawi kwetu, nilianza kusumbua watu. Diwani alifika mahali akawa akiniona sokoni anakata kona. Paroko alinipa dakika chache baada ya misa, nikazirefusha hadi watoto wakaanza kulia. Wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, ambao kila msimu wana kesi za ng'ombe kuingia mashambani, walinielewa haraka kuliko ndugu zangu. Mwishoni hata wazee wa kijiji walikuja nyumbani kuniambia kwamba, kweli, sheria ifundishwe hapa.

Ujumbe wa chuo ukaja kukusanya maoni, ukumbi ukajaa. Mama alikaa karibu nami. Profesa aliyeongoza ujumbe alieleza kwa adabu kwamba tawi litaanza na kilimo na ufundi, na kwamba sheria haimo, maana mkoa huu ni wa wakulima. Nilisimama nikasema yangu. Hoja zilinipotea katikati, nikakaa nikijichukia. Profesa alishukuru, akauliza kama kuna mwingine mwenye swali.

Wazee walewale waliokuja nyumbani kwangu walitazama sakafu. Nani angembishia mgeni mkubwa mbele za watu?

"Basi," profesa akasema, "tuandike kwamba wananchi wameridhia."

Mama akainuka. Alikwenda mpaka mbele, akapiga goti, akapiga makofi taratibu. Nadhani walidhani anashukuru.

"Mimi nina swali," alisema. "Hao wanasheria, mkiwafundisha hapa, wataweza kumuuliza baba mkwe wangu kwa niaba yangu?"

Wachache walicheka. Profesa hakucheka. Alimuuliza huyo baba mkwe yuko wapi.

"Ameshafariki, baba. Ila wakamwana tupo wengi."

Profesa akamgeukia katibu wake, akamwambia asiandike kwamba tumeridhia. Tulichopata siku ile ni hicho tu. Shule ya sheria bado haijaja. Nasikia inafikiriwa, nami bado nawasumbua.

Tulipotoka, upepo wa baridi ulikuwa unavuma, na tulipofika kwenye kijiwe cha bodaboda mama aliniuliza:

"Nimemkosea adabu baba mkwe, kumtaja vile?"

"Hapana, mama."

"Kumbe mdomo ninao," alisema. "Ningeuliza tu siku ile."

"Siku ile alitakiwa awepo mtu wa kukuulizia," nilimjibu, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Njia ya kwetu inapita kando ya lile shamba. Mahindi ya watu yalikuwa yamekomaa, na tulipofika hapo mama aligeuzia uso wake upande wa pili.