Kopo la Magadi na Samaki wa Marehemu Baba Mkwe

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi (niliwahi kuanguka na baiskeli sokoni mbele ya mchumba), lakini aibu ya ukweni ni nyingine kabisa, hiyo hata uoge vipi haitoki, na ndiyo inayonifanya mpaka leo nikiitwa Tabora nianze kukohoa na kujitafutia homa.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mstaafu wa reli, na pale nyumbani kwake Tabora mjini aliacha tangi la kioo lenye samaki wekundu, wale wa mapambo. Alipofariki, mama mkwe akabaki nao. Kila asubuhi anawatupia chakula na kuwapa habari za nyumbani, kama alivyokuwa akifanya mzee. Sote tulijua kuwa wale samaki ndio waliokuwa wakimtoa kitandani.

Sasa, siku ya kumaliza msiba, mke wangu Neema akaenda stesheni kuwapokea ndugu wa Kaliua, akaniachia kazi. "Baba Joshua, hilo tangi limechafuka, punguza maji kidogo uongeze mapya, ila usisahau ule unga." Unga wenyewe ni wa kuua klorini, maana maji yetu ya bomba kuna siku yananuka mpaka macho yanawasha, na ukiwamwagia samaki hivyo hivyo umewaua. Unakoroga kijiko kidogo kwenye ndoo, ndiyo unamimina, basi.

Mimi na sifa zangu! Nikasema kidogo ya nini wakati wageni wanakuja, nikatoa maji karibu yote ili kioo king'ae. Nakwenda kwenye rafu ya koridoni nakuta makopo mawili ya siagi (si mnajua sisi na makopo, hatutupi), yote yana unga mweupe. Lipi ni lipi? Neema simu kaiacha chumbani inachaji. Mama mkwe yuko jikoni na wenzake, namsikia kabisa anavyoimba huku wakichambua mchele. Neno moja lingetosha.

Lakini mkwilima wa Kinyamwezi aende kusimama mlangoni kwa jiko la mama mkwe wake? Kwetu mkwe unamsalimia kwa mbali, macho chini, na yule mama tangu nilipomwoa binti yake hatukuwahi kuvuka shikamoo na marahaba. Nikaona bora nibahatishe kuliko nionekane sina adabu. Nikachukua kopo la mbele, na kwa kuwa maji yalinuka sana nikajaza vijiko, nikakoroga, nikamimina. Tangi likang'aa, nikajipongeza.

Sebule ikajaa, mama mkwe naye akatoka jikoni akasimama karibu na tangi, mchungaji akaanza kuomba, sote tumefumba macho, mara nasikia chubwi! Chubwi! Nafumbua jicho moja, samaki wanahangaika, wanapanda juu kutafuta pumzi, na mmoja akaruka, akatua mapajani kwa shangazi yake Neema wa Ipole, naye akapiga ukelele, na mchungaji (bado kafumba macho) akaitikia "Amina!"

Nikaruka kumdaka yule samaki. Akaniponyoka. Nikamfuata sakafuni, nikateleza kwenye maji, na mikono yangu, ili nisianguke, ikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni khanga ya mama mkwe, kiunoni, mbele ya ukoo mzima. Ee Mungu wangu!

"Mkwilima," shangazi akasema, "unamtaka samaki au unamtaka mama?"

Watu wakaangua kicheko. Wakati bado wanacheka, mama mmoja akachungulia kutoka jikoni: "Jamani, nani kachukua kopo la magadi? Maharage hayaivi huku."

Kicheko kikakatika. Nikaangalia tangi. Mama mkwe naye akaangalia tangi, halafu akaniangalia mimi. Nikakimbilia ndoo ili niwahamishe, lakini maji ya kuwahamishia yako wapi, yote ni ya bomba, na kabla sijalifikia lile kopo jingine wakaanza kugeuka matumbo juu, mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe akaketi pale pale kwenye sakafu iliyolowa, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Baba," akaniambia, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu nje ya salamu, "si ungeniuliza tu? Nilikuwa hapo."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Nilitaka kumnunulia wengine, akakataa. Neema ananiambia mama bado anaamka asubuhi, anachota kile chakula, anafika nacho sebuleni, anasimama kidogo, kisha anarudi nacho chumbani.

Nimeapa sitabahatisha tena, adabu au si adabu. Juzi nilipokwenda nilisimama nje ya mlango wa jiko, uso nimeugeuzia ukutani, nikauliza, "Shikamoo mama. Chumvi ni kopo lipi?"

"Marahaba. La kushoto, baba."

Nikachukua la kushoto. Habari za samaki hatujawahi kuzitaja.