Mwisho wa Hadithi ya Tekla

Pale Temeke nilikuwa nikinunua vitabu chakavu kwa ratili, nikivichana kufungia karanga nilizouza. Karani Projestus aliviazima kwanza kabla sijavimaliza, amsomee mkewe Tekla, mgonjwa wa kifua. Mwezi ule walisoma tenzi, habari za safari, hata ufugaji wa nyuki. Kisha wakaanza hadithi ya mapenzi.

Asubuhi moja akaja mbio. "Bwana Kondo, kurasa za mwisho ziko wapi?"

"Nilizichana kabla hujakiazima, zimekwenda na karanga. Wewe msomi, si umtungie mwisho!"

"Nimemtungia. Kasema, 'Huo wako, Baba Auleria. Nataka wa kitabuni.'"

Nikawazungukia wateja, nikaupata ukurasa wa mwisho, umejaa chumvi. Nilipofika kwake, wanawake walikuwa wanalia uani. Projestus aliusoma peke yake, akanirudishia pamoja na kitabu. Kesho yake nikakichana.