Hatua Arobaini na Moja Kutoka Kwenye Benchi

Juma lililopita nilikatiza katika bustani ya umma, pale mjini, nikitoka kuchukua kadi za harusi ya binti yangu. Kadi mia mbili. Nilizihesabu mbele ya mchapaji, nikazihesabu tena nje ya mlango, zikawa mia moja tisini na nane, nikarudi ndani. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuchemka kidogo nilipomwona yule mtu. Alishika fimbo ya kusaka vyuma, yenye sahani chini yake, anaipeleka huku na huku juu ya nyasi kama mtu anayefagia bila kugusa sakafu. Fimbo ikalia kama mbuzi aliyebanwa mguu. Akapiga magoti, akachimbua kwa kisu, akatoa kifuniko cha bia, akakitia mfukoni bila kusikitika.

Mimi si mtu wa kusimama njiani, unanijua. Siku ile nilisimama. Kazi ile niliifanya mimi kabla yule mtu hajazaliwa, bila mashine, kwa sumaku niliyoitoa kwenye redio mbovu na kwa shanuo la bibi yangu. Na chini ya nyasi zilezile, mahali fulani, kuna kitu changu. Kusema kweli si changu, na hapo ndipo usingizi wangu unapoharibikia.

Labda umesahau bustani ile ilivyokuwa Jumamosi, zamani zetu. Kila aliyeoa Bujumbura alipita pale kupiga picha. Magari ya harusi yalipiga honi tangu mbali, maharusi wakashuka, wasimamizi wakashika mikia ya magauni isiguse vumbi, mpiga picha akawapanga mbele ya maua kama mtu anayepanga nyanya sokoni: kubwa mbele, zilizopondeka nyuma. Harusi moja ikitoka, nyingine inangoja kando inanyoosha mashati. Kulikuwa na harufu ya manukato, jasho na karanga za kukaanga. Na watu waliojaa furaha, rafiki yangu, wanaangusha vitu. Shanga, vifungo, pini za nywele kwa mamia, sarafu za kutunza waimbaji, hereni za bandia, na mara moja moja kitu kisicho cha bandia.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu yetu. Bibi alikuwa msusi, akiwapamba maharusi wa Kinama, mtaa wetu, lakini misa alisali mjini kwa sababu kule ndiko kulikuwa na vichwa vyenye hela. Tulitoka Kinama kwa miguu kungali na umande. Yeye alisali misa nzima, mimi nilisali nusu, nusu ya pili nikaimalizia bustanini. Kwanza unaburuta sumaku kwa kamba, inakusanya pini na vifuniko. Usidhani hiyo ndiyo mali. Sumaku ni ya kuondoa takataka tu, dhahabu haina habari nayo. Baada ya hapo unashika shanuo, lile la mbao la meno marefu, unachana nyasi kama unavyochana kichwa cha mtoto, kutoka mizizini kuja juu, pole pole. Nilipata sarafu za zamani za Wabelgiji, zile zenye tundu katikati, nikazitunga kwenye uzi. Nilikuwa nazo kumi na saba. Nilizihesabu kila jioni na kila asubuhi, kana kwamba zilikuwa na miguu.

Shanuo nililirudisha na majani kwenye meno, na kila Jumapili bibi alinigombeza. "We mutoto, kesho nitachana wateja na majani? Watasema ninasuka mbuzi?"

Bibi alikuwa na hereni mbili za dhahabu, ndogo, za umbo la punje ya kahawa. Alizinunua kwa sonara mmoja wa Kiarabu baada ya miaka ya kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Uvira. Hakuzivaa. Aliziazima. Kila binti wa mtaa wetu aliyeolewa alizivaa siku moja, bure, akazirudisha Jumatatu pamoja na kilo ya sukari kama ana adabu. Watu walimwambia unachezea mali. Alijibu: "Sikuzinunua zikalale."

Nilipokuwa na miaka tisa, aliolewa binti wa jirani yetu muuza makaa, akaolewa na familia moja ya Gasenyi iliyojiona. Jumamosi ile jioni akarudi kutoka kwenye picha na hereni moja. Sikio la pili tupu. Alilia hadi poda ikafanya mifereji. Bibi akasimama uani mbele ya watoto wote wa mtaa, akatangaza: "Mwenye ataiona, ninamushonea robe mupya."

Niliiona mimi, Jumapili, saa tatu haijafika. Ilikuwa imenaswa kwenye mizizi ya nyasi karibu na mahali mpiga picha aliposimamishia watu. Shanuo liligonga kitu, nikapapasa, punje ya kahawa ikanitazama. Nilipaswa kukimbia. Mtoto mwingine yeyote angekimbia. Mimi nilikaa chini nikapiga hesabu. Leo ni robe, gauni moja. Asipoiona hadi Jumanne, itakuwa robe na soda. Kufika Ijumaa, robe na viatu. Viatu vyangu wakati ule vilikuwa vinacheka mbele, vidole vyote vinaonekana. Nani anauza siku ya kwanza?

Nyumbani hakuna maficho, tulilala wanne chumba kimoja. Nikaitia hereni kwenye kikopo cha bati cha mafuta ya kujipaka, nikakizika palepale bustanini. Nikahesabu hatua kutoka kwenye benchi ya chuma kuelekea mtende wa tatu: arobaini na moja. Nikarudi nikahesabu tena: arobaini na moja. Kisha nikaenda bombani, nikalisafisha shanuo vizuri, mikono yangu pia, nikamngoja bibi mlangoni mwa kanisa na uso wa malaika.

Jumanne, kweli, soda ikaongezwa. Nikajisifu moyoni. Lakini kule Gasenyi maneno yalikuwa yameanza: kwamba hereni haikuanguka, imeuzwa, kwamba wameoa mwizi. Bibi harusi akawa hatoki nje ya uzio. Nilisikia hayo nikiwa naosha sahani, na ninakiri nilichowaza: kelele zikiongezeka, viatu vinakaribia.

Alhamisi bibi akajifunga kitenge chake cha kwenda kwa watu, akanibebesha kikapu cha maharagwe, tukaenda Gasenyi. Wakwe walikuwa wamekaa barazani, wote. Bibi akawasalimia mmoja mmoja, akakaa, akacheka kama mtu aliyejishika ujinga wake.

"Nimekuja kuomba musamaha," akasema. "Ile herena niliiona. Ilianguka ndani ya kitenge yangu siku ileile, nilipokuwa ninamukumbatia. Mi ndiye muzee asiyeona."

"Uliiona?" mama mkwe akauliza.

"Niliiona, mama. Iko kwa sanduku na mwenzake."

Bibi harusi akalia tena, lakini kilio cha aina nyingine. Mama mkwe akaita chai. Mimi nilishika kikapu kitupu. Kwa sentensi moja bei yangu ilikuwa imeshuka kutoka robe, soda na viatu hadi sifuri. Nani atanunua kitu kilichokwisha kupatikana? Na ningemwambia nini? Kwamba niliipata Jumapili, nikamwacha binti wa watu atukanwe siku nne ili nipate viatu? Bibi akaaga, tukashika njia. Alitembea mbele, mara mbili akageuka kunitazama, mara mbili nikatazama maharagwe ambayo hayakuwemo.

Nikaamua nitaifukua Jumapili na kuitumbukiza kwenye sanduku lake kimya kimya. Jumapili nikafika mbio. Benchi haikuwepo. Kulikuwa na sikukuu inakuja, watu wa mji walikuwa wamepaka mawe chokaa na kuhamisha mabenchi yote kuyapanga upande wa barabara. Nikahesabu kutoka pale nilipodhani ilikuwa. Nikachimba. Nikahesabu kutoka hatua tatu kulia. Nikachimba. Zamu, yule mlinzi wa bustani, akanikimbiza na fagio, na alikuwa na haki, nilikuwa nimeigeuza nyasi yake shamba la viazi. Nilirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Noeli ilipofika, mtoto wa jirani, wa umri wangu, alitoka na robe ya manjano na viatu vyenye vifungo vya kung'aa. Nililia siku nzima, nikasema ni tumbo.

Toka siku ile siwezi kukaa mahali. Watu wanasema ni biashara iliyonifanya hivi, kuamka kabla ya jogoo, kuhesabu chenji mara mbili, kugeuza kila kitu nione chini yake. Waache waseme.

Bibi bado yupo, anaishi kwangu Kanyosha, amevuka themanini, macho hafifu lakini ulimi mzima. Binti yangu alipochumbiwa, aliniita akanipa fundo la kitambaa. "Za mutoto," akasema. "Zipo zote." Nikalifungua chumbani. Hereni moja. Sikumwuliza, naye hakuniuliza. Ndiyo maana nilisimama pale bustanini na kadi zangu mia mbili.

Yule mtu alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa, Fizi, kwa wachimba dhahabu. Nikamwuliza bei ya kunitafutia kitu.

"Ya saa, mama. Saa moja, elfu kumi na tano."

"Na isipoona kitu?"

"Mashine haionake, mama. Inasikiaka."

"Basi nitalipa ikisikia."

Akacheka. Tukapatana elfu kumi, na soda ya zamu ili atazame upande mwingine. Mitende miwili imekatwa, mabenchi ya chuma hakuna tena. Nilijaribu kutembea kwa hatua fupi, kama za mtoto, mwanamke mzima na mkoba wake, na watu wakapita wakiniangalia. Fimbo ililia mara nyingi. Vifuniko. Ufunguo. Pini za nywele zimeshikana kwa kutu, bila shaka nyingine bibi alizichomeka kwa mkono wake. Sarafu moja yenye tundu, ambayo aliitia mfukoni kabla sijafungua mdomo. Saa ikaisha. Nikamwongeza nusu. Tukachimba mashimo thelathini na moja. Kikopo hakuna.

Nilifika nyumbani jua lingali juu. Bibi alikuwa barazani anamenya maharagwe kwa kupapasa. Akanishika mkono kunisalimia, kidole chake kikapita kwenye kucha zangu.

"Umeileta?" akauliza.

"Nini, bibi?"

"Harusi ni Jumamosi. Umeileta ao bado?"

Nikakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa bila mtu kunivuta.

"Ulijua?"

"Kila Jumapili shanuo yangu ilirudi na majani. Ile siku moja ikarudi imeoshwa." Akatupa ganda. "Nikasema, huyu ameona, anangoja bei ipande. Nikaweka soda. Bado. Kumbe mutoto wa watu anaumia kule. Nikasema, apana, niishushe hadi chini kabisa, ataleta tu. Na bado! Nikasema huyu ni mugumu kuliko mi."

"Bibi..."

"Robe nilikuwa nimekwisha kushona. Na viatu nilinunua. Noeli ilipofika nikapatia mutoto wa jirani, nione kama utasema. Ukasema tumbo." Akachukua maganda mengine, akaendelea kumenya. "Miaka yote ninangoja useme bei yako. Bon, sema. Mi sina tena muda ya kupatana."

Nikamwambia. Benchi, mtende wa tatu, arobaini na moja mara mbili, chokaa, fagio la zamu. Nikamwambia kwamba mimi sikuwa nayo hata siku moja baada ya ile Jumapili. Alisikiliza bila kumenya. Mwishoni hakucheka, kama nilivyotumaini, wala hakunigombeza.

"Kwa hiyo hukunikatalia," akasema.

"Sikukukatalia, bibi. Niliipoteza."

"Ungesema." Akatafuta mkono wangu tena, akaushika. "Kupoteza haina bei. Ningekupa viatu vyako."

Jumamosi binti yangu alivaa hereni moja. Bibi aliagiza shanuo lake, lilelile, limebaki na meno saba, akashusha nywele upande wa kushoto kwa kupapasa, zikafunika sikio vizuri hata mpiga picha hakujua. Picha zilipigwa hotelini, ufukweni, siku hizi wote wanakwenda kule, juu ya vigae, na kinachoanguka kinafagiwa jioni ileile. Bustani Jumamosi ni tulivu. Hakuna honi, hakuna mikia ya magauni, hakuna mtoto anayepiga magoti Jumapili kuchana nyasi kama kichwa cha mtu. Zile sarafu zangu kumi na saba sijui ziliishia wapi.

Jana yule mtu wa mashine alinipigia simu. Anasema amesikia kitu karibu na ukuta mpya uliojengwa pale bustanini, lakini kiko chini sana, ni kazi ya siku nzima, na siku nzima ina bei yake. Akaitaja. Mara ya kwanza maishani mwangu nilisema ndiyo bila kupunguza hata faranga, nikaenda kumwamsha bibi avae.